Ubao Uliokwenda Matembezi

FUNDI: Haloo, karakana ya bunduki hapa. Nani mwenzangu?

MJOMBA: Nani mwenzako! Siku hizi mjomba wako ni mwenzako?

FUNDI: Aah, shikamoo Mjomba. Namba imekuja bila jina.

MJOMBA: Marahaba. Simu yangu imeisha chaji, natumia ya mlinzi wa uwanja wa shabaha. Salio lake ni la kunusa tu, kwa hiyo sikiliza. Kile kidude ulichonifungia juu ya bunduki—

FUNDI: Darubini.

MJOMBA: Darubini ni ile niliyokuwa nayo. Hii ni televisheni. Tena televisheni mbovu.

FUNDI: Hongera. Siku ya kwanza tu umeshajua ni mbovu. Walioitengeneza wangekuita mapema.

MJOMBA: Usinikejeli. Bunduki imegoma.

FUNDI: Imegoma vipi?

MJOMBA: Imegoma! Nimevuta traiga, kimya. Nimeishikilia, kimya. Nimeitukana, kimya. Kesho wajumbe wote wa chama cha shabaha wanakuja kuniangalia nikipiga, na mwenyekiti siku nyingi ananitafutia sababu ya kunipumzisha ualimu. Nisimame pale nivute, halafu niwaambie nini? Subirini, mashine inafikiria?

FUNDI: Ndiyo, inafikiria. Nilikueleza, ukaniambia nisikufundishe kazi. Unabonyeza kitufe, unaweka alama kwenye shabaha. Yenyewe inapima umbali, inapima upepo—

MJOMBA: Upepo mimi napima kwa shavu.

FUNDI: Shavu hatujakuvua, endelea nalo. Halafu unavuta traiga na kushikilia. Risasi haitoki mpaka nukta yako ya kulengea ikae sawasawa juu ya alama. Mkono ukicheza, inangoja.

MJOMBA: Mkono wangu hauchezi.

FUNDI: Basi ni bunduki inayotetemeka. Inakuogopa.

(Kicheko kwa mbali)

MJOMBA: Nani huyo anacheka?

FUNDI: Gundi. Kaja kula.

MJOMBA: Mwambie mumeo asicheke mdomo umejaa. Mbao za shabaha ameshazibandika karatasi mpya? Kesho sitaki matundu ya zamani.

FUNDI: Anasema katoka huko sasa hivi, kamaliza zote. Gundi haijakauka mikononi, na mikono hiyo hiyo ndiyo anayoshikia kijiko.

MJOMBA: Ndiyo maana jina limemganda.

(Mtandao unakwaruza)

FUNDI: ...loo? Nasema, ulikuwa na nani uwanjani?

MJOMBA: Peke yangu. Wenzangu walikwenda kula, nikasema nijaribu kidogo bila macho ya watu. Na kuna jingine. Kidude chako kinahamisha ubao.

FUNDI: Kinahamisha nini?

MJOMBA: Ubao! Nimeweka alama kwenye ubao wa pili, kitu cheupe pee, alama imekaa. Nikavuta. Mara ubao huo, ukaanza kwenda! Taratibu, unaelekea ubao wa tatu. Na alama inaufuata! Nafundisha shabaha tangu mama yako hajaolewa, sijaona ubao ukienda matembezi.

FUNDI: Labda umechoka kutobolewa.

MJOMBA: Cheka tu. Nikaufuata nao, nimeshikilia traiga mpaka kidole kikafa ganzi. Wapi!

FUNDI: Usihofu, inarekodi kila kitu. Picha zinakuja kwenye kompyuta yangu hapa. Ngoja nifungue nimwone huyo ubao mtalii.

MJOMBA: Fungua. Uone ubovu wa mali yako.

FUNDI: Inafunguka... Haya. Naona majani. Naona mawingu. Naona majani tena. Mkono hauchezi, Mjomba, ila dunia nzima inacheza.

MJOMBA: Ni upepo.

FUNDI: Eeh, upepo. Haya, ubao wa kwanza huu. Ubao wa pili. Hapa umebonyeza, umeweka alama kwenye—

MJOMBA: Haloo? We mtoto! Salio la watu linakwisha. Umeuona ubao?

FUNDI: Nimeuona.

MJOMBA: Unatembea, hautembei?

FUNDI: Unatembea. Una miguu.

MJOMBA: Acha mzaha.

FUNDI: Una miguu, Mjomba. Umevaa ovaroli nyeupe. Umeshika ndoo.

MJOMBA: Ndoo?

FUNDI: Ndoo ya gundi.

(Kijiko kinagonga sahani kwa mbali)

MJOMBA: Haiwezekani. Mtu akienda kwenye mbao anapandisha bendera nyekundu. Sheria hiyo niliiandika mimi. Nimefukuza watu kwa sheria hiyo!

FUNDI: Imo kwenye picha. Iko juu, nyekundu, inapepea, kubwa kama shuka.

MJOMBA: Ilikuwa ya kijani.

FUNDI: Uliiona?

MJOMBA: Nilijua ni ya kijani.

FUNDI: Nimeuliza kuona, sijauliza kujua.

MJOMBA: Sikiliza, jua lilikuwa—

FUNDI: Hongera kwa huo mkono, basi. Ungekuwa umetulia kama unavyojisifu, saa hizi ningekuwa mjane mwenye darubini nzuri sana.

MJOMBA: Usiseme hivyo.

FUNDI: Nisemeje? Nukta inamzunguka mgongoni, Mjomba! Inapita begani, inarudi, inapita tena. Na kidole chako kiko kwenye traiga, na wewe unakasirika kwa nini haitoki! Na mimi ndiye niliyeifunga kwa mikono yangu. Uliniambia unaitaka kwa ajili ya upepo. Nikakuamini, hamnazo mimi.

MJOMBA: Punguza sauti. Atasikia.

FUNDI: Huyu? Amezama kwenye sahani.

MJOMBA: Usimwambie.

FUNDI: Simwambii. Utamwambia wewe.

(Mtandao unakwaruza)

FUNDI: Mjomba? Uko wapi sasa?

MJOMBA: Kibarazani, ofisi ya uwanja. Nimekaa.

FUNDI: Mlingoti wa bendera uko mbele yako hapo?

MJOMBA: Uko mbele yangu.

FUNDI: Sasa hivi kuna bendera gani?

MJOMBA: Niambie wewe, mwanangu.

FUNDI: Mungu wangu. Tangu lini?

MJOMBA: Tangu kabla sijakuletea bunduki. Kama moshi hivi machoni, hauondoki. Nilidhani mashine itaniona... itaona badala yangu.

FUNDI: Imeona, Mjomba. Imeona vizuri kuliko sisi sote. Ila kazi ya kujua yule ni nani ilikuwa yako.

MJOMBA: Najua.

FUNDI: Mpe mlinzi bunduki aifungie kabatini. Ufunguo akae nao yeye. Na usiguse gari, nakuja kukuchukua.

MJOMBA: Ndiyo, mama. Na mwenyekiti nitampigia mwenyewe. Asihangaike tena kutafuta sababu.

FUNDI: Mjomba—

MJOMBA: Hebu nipe mkwe.

FUNDI: Anatafuna.

MJOMBA: Mpe hivyo hivyo.

(Vishindo. Kiti kinaburutwa)

GUNDI: Shikamoo Mjomba! Nasikia leo mbao zangu zinakwenda matembezi. Nizipigilie misumari?

MJOMBA: Marahaba, baba. Umeshiba?

GUNDI: Bado, ndiyo kwanza naanza.

MJOMBA: Kula. Mwambie mkeo akuongeze.

GUNDI: Aniongeze? Huyu? Mbona leo upole hivyo, Mjomba, unataka nikabandike upya?

MJOMBA: Hapana. Salio linakata, nisikilize. Leo, ulipokuwa kule kwenye mbao... mimi nili—

GUNDI: Wewe ulifanyaje? Haloo? ...Mjomba?