Nyanya Zilizompita Mzee Onesphory

Risala ya Umoja wa Wazee wa Baiskeli wa Rau kwa mgeni rasmi, dereva Shedrack. Imesomwa na katibu, Mama Mektrida.

Mgeni rasmi, Ndugu Shedrack, dereva wa fuso la nyanya za Himo, mwenyekiti wetu wa mtaa, majirani, na ninyi wanachama mlioegesha baiskeli mlangoni hata mama mjamzito hapiti: tunawasalimu. Wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo.

Kukukaribisha

Mgeni rasmi, tunaona kiti hicho hujakizoea. Umekaa ukingoni kama abiria anayekaribia kushuka. Kaa vizuri, baba, jisikie nyumbani. Kitambaa ulichokalia kimefumwa na Mama Kornelia, amekitunza kabatini miaka minane akimsubiri askofu. Askofu hajapata nafasi, basi umekizindua wewe.

Wapo waliotuuliza, jamani, kwa nini dereva? Mngemwalika diwani si angewaahidi hata viti? Jibu limo humu ndani. Tunaomba mvumilie, maana aliyeandika risala hii ni mwalimu mstaafu na kufupisha hajui.

Mzee Onesphory ameketi mstari wa mbele na nakala yake, imeandikwa kwa herufi kubwa, anafuata kwa kidole. Hakuna neno juu yake litakalosomwa leo ambalo hajaliona na kuliruhusu. Kuna sentensi moja ameifuta kwa mkono wake, tutafika hapo.

Tulikotoka

Umoja huu ulianza mwaka 2010, watu sita tu, kila mmoja akiwa ameshatishwa peke yake kwenye barabara itokayo Himo. Mwingine ameponea mtaroni, mwingine amepitiwa na basi mpaka kofia ikaruka. Tukasema, mzee mmoja kwenye baiskeli hawamwoni, labda wakikuta msafara watatuona. Leo tuko kumi na watatu. Kila asubuhi tunatoka Rau pamoja, tunashika lami mpaka Majengo, wenye mboga sokoni, wenye cherehani kwenye vibaraza vyao, na jioni tunarudi vilevile.

Tulijiwekea kanuni mbili. Ya kwanza, mkubwa kwa umri anatangulia na hapitwi na mtu. Ya pili ni kengele. Wa mwisho ni Agness, ana miaka hamsini na minane, kwetu huyo ni msichana. Akisikia gari kubwa linakuja nyuma, anapiga kengele mara mbili na kushuka pembeni kwenye vumbi. Aliye mbele yake anasikia, anapiga, anashuka. Hivyo hivyo mpaka ifike kwa mkubwa.

Mkubwa ndiye Mzee Onesphory. Ana miaka sabini na minane, ni fundi viatu, na kibaraza chake kiko mbele ya duka la vitambaa la Mama Manju, pale pale Majengo. Magoti yake yalishachoka zamani. Akitembea kutoka kwake mpaka kanisani anapumzika mara nne, na kila akipumzika anajifanya anatazama mahindi ya watu. Lakini mpandishe juu ya baiskeli yake uone! Mgongo unanyooka, kofia inakaa upande, na magoti yanasahau kwamba yanauma. Kumwambia mtu huyo aache baiskeli ni kumwambia akae kitandani. Ndiyo maana hakuna aliyethubutu.

Tunayojivunia

Kwa miaka kumi na mitano hatujazika mwanachama aliyekufia barabarani. Tumetengeneza baiskeli za wajane, tumewafundisha kina mama watano kuendesha baada ya kustaafu, na Ronald, ambaye zamani alikuwa hawezi kupita kilabu cha mbege bila kushuka, siku hizi anapita. Anapunguza mwendo, lakini anapita.

Yaliyotupata

Mgeni rasmi, hapa tunaingia kwenye aibu yetu.

Mzee Onesphory alianza kuacha kusikia. Tuliona. Ukimwuliza, "Mzee, misa ni saa ngapi?" anajibu, "Marahaba." Ukimwambia, "Tairi lako la nyuma limelegea," anajibu, "Marahaba, mwanangu." Kila midomo ikichezacheza, yeye anaitikia shikamoo. Sisi tukawa tunasema, aa, mzee ana mawazo. Ukweli tuliujua, ila nani amwambie? Wilbert, anayekuwa nyuma yake, alimwambia Kornelia, Kornelia akamwambia Agness, Agness akaniambia mimi katibu, na mimi nikaandika kwenye muhtasari: yatokanayo. Likakaa kwenye yatokanayo miaka miwili.

Jambo moja lilitupumbaza. Kila kengele ilipopigwa, yeye alishuka pembeni sawasawa, hachelewi hata kidogo. Tukasema, ya maneno hasikii, ya kengele anasikia, basi tumwache.

Halafu ikaja Jumanne ile ya Julai. Wenyeji mnaijua Julai ya huku, mlima umejifunika, mawingu yameshuka mpaka kwenye mapaa, jua halionekani mpaka saa sita. Tulikuwa kwenye ule mteremko wa kuelekea Majengo. Agness akasikia fuso, akapiga mara mbili, akashuka. Kengele ikasafiri, wote tukashuka. Wilbert akapiga yake kwa nguvu, akashuka. Mzee Onesphory akaendelea katikati ya lami, kofia upande.

Mbele lilikuwa linakuja basi. Ndugu Shedrack, yaliyobaki unayajua kuliko sisi. Kulia basi, mbele mzee, kushoto watu kumi na wawili wamesimama vumbini wanapiga kelele. Ulitupita sisi kwa upana wa kiganja, ukasubiri mpaka ukampita Wilbert, ndipo ukaliingiza fuso mtaroni katika ule mwanya mdogo uliobaki nyuma ya mzee. Likaegemea. Matenga ya nyanya yakapasuka.

Na yeye hakusikia. Wala breki, wala kelele zetu, wala kishindo. Aliendelea kuteremka akijua ana watu kumi na wawili nyuma yake. Ametusimulia mwenyewe kwamba alikuwa anawaza soli ya kiatu cha mteja. Mara akaona nyanya inampita. Inabingirika upande wake wa kulia, ina haraka zake. Ikafuata ya pili. Halafu zikaja nyingi. Miaka kumi na mitano hakuna aliyempita mzee huyu barabarani, sembuse nyanya! Ndipo akageuka nyuma, na nyuma hapakuwa na mtu.

Anasema alidhani tumekufa wote. Alipandisha ule mteremko akikokota baiskeli, na magoti yale, bila kupumzika mahali. Alipofika akatuhesabu kwa kidole. Kumi na wawili. Akahesabu tena. Akauliza, "Nani kaumia?" Sisi wote tukatazama chini. Watu wazima, wengine tuna wajukuu wa sekondari, tukatazama chini kama watoto waliovunja chungu.

Wewe ulikuwa umetoka kwenye fuso, shati limejaa nyanya. Ulikuwa na haki ya kututukana, na tulikuwa tumejiandaa. Ukamwuliza, "Mzee, umeumia?"

Akajibu, "Marahaba."

Hakuna aliyecheka. Ukamsogelea, ukamshika mkono, ukaweka mdomo karibu na sikio lake, tena kwa upole, ukasema, "Mzee wangu, sijakuamkia. Nimekuuliza kama umeumia. Husikii?"

Naye akasema, "Sisikii, mwanangu. Tangu Kwaresima ya mwaka juzi."

Mgeni rasmi, swali lile lilikuwa letu. Miaka miwili tunalo mdomoni. Umekuja wewe, hata jina lake hulijui, umeliuliza mara moja na akajibu. Fuso kuliingiza mtaroni ni jambo kubwa, tunakushukuru mpaka kufa. Lakini tumekuwekea kitambaa cha askofu kwa sababu ya swali. Sisi tulimheshimu mzee wetu mpaka tukakaribia kumzika.

Mzee akakaa juu ya tenga, akasema yote. Asubuhi tunaenda na jua mgongoni, jioni tunarudi na jua mgongoni, na vivuli vyetu vinatangulia mbele. Alikuwa anatazama kivuli cha Wilbert. Kikihamia pembeni, naye anahamia. Miezi yote ile ya mawingu alikuwa anajifanya anaumwa tumbo, haendi na msafara. Siku ile hakutaka kudanganya tena, maana Kornelia alikuwa ameanza kumletea uji wa tumbo kila asubuhi na ulikuwa umemchosha. Wilbert akalia pale pale, akasema, "Baba, si ungeniambia!" Mzee akamjibu baada ya kurudiwa mara tatu, "Na wewe si ungeniambia."

Tuliokota nyanya zako mpaka adhuhuri.

Changamoto

Wiki iliyofuata tulipimana uwanjani. Mtu anasimama ametugeuzia mgongo, Agness anapiga kengele hatua kumi nyuma, ukisikia unanyoosha mkono. Mzee Onesphory hakunyoosha. Ronald, ambaye ndiye aliyelicheka sana zoezi hili na ana miaka sitini na moja tu, naye hakunyoosha. Ronald alikwenda kusafishwa nta, na sasa anasikia mpaka yasiyomhusu. Mzee alipewa kifaa cha sikioni. Chumbani kinamsaidia, anamsikia hata paka. Juu ya baiskeli kinavuma upepo mtupu.

Akakaa nyumbani wiki tatu. Baiskeli ikaning'inizwa jikoni. Binti yake Rachel akaandika kutoka Dodoma: baba, iuze. Tulimkuta mchana amelala, mtu ambaye hatujawahi kumwona amelala mchana, na viatu vya watu vimelundikana pale kwa Mama Manju. Tukaona tumemtoa barabarani tukamweka pabaya zaidi. Tuliogopa, mgeni rasmi, na safari hii tukamwambia. Agness alimwandikia kwa chaki nyuma ya mlango: BABA, TUNAKUHITAJI LAKINI TUNAKUOGOPEA. Mzee alisoma, akaupangusa mlango, kwa sababu ulikuwa umepakwa rangi juzi, kisha akasema tuitishe kikao.

Kwenye kikao alituambia kwamba kila asubuhi ya wiki zile tatu alikuwa anaamka na jibu tofauti. Siku moja anaacha, siku moja haachi. Hakuogopa kufa, alisema, ameshakula chumvi ya kutosha. Kilichomrudia usiku na mchana ni uso wako, Ndugu Shedrack, pale mtaroni. Hakutaka kijana wa watu alale na kifo chake maisha yake yote.

Katika rasimu ya risala hii tulikuwa tumeandika: Mzee Onesphory ameacha baiskeli. Hiyo ndiyo sentensi aliyoifuta. Juu yake, kwa mwandiko wake wa fundi, ameandika: Onesphory ameacha lami.

Kwa hiyo sasa anapita njia ya kando ya mfongo, ule mfereji wa kunyweshea mashamba, kutoka kwake mpaka kwenye mashine ya kusaga hapa Rau. Hapapiti gari. Anayeweza kumpita ni bata. Pale mashineni amepewa kibaraza, na viatu vya wateja wa Majengo tunavibeba sisi kwenye vikapu vyetu, vilivyoharibika tunavileta jioni, vilivyopona tunavirudisha asubuhi. Mzee anasema viatu havijawahi kumfuata nyumbani, sasa amekuwa mkubwa.

Maombi

Mgeni rasmi, mambo ya njia ya baiskeli kandokando ya barabara kuu tumeshayaandika kwa wanaohusika, na tutayaandika tena. Hayo hatukubebeshi.

Wewe tunakuomba utusemee kwa madereva wenzako. Wakituona, wapige honi mara moja, fupi, wakiwa bado mbali. Ile ya kupigwa sikioni inamwangusha mtu kabla gari halijamfikia.

Na wewe mwenyewe, pita hapa Rau kila ukiwa na nafasi. Mama Kornelia amesema kitambaa hakirudi kabatini.

Ombi la mwisho si letu, ni la Mzee Onesphory. Anasema miaka yote hiyo ametutangulia, na kwa hiyo hajawahi kutuona. Hajui tukiendesha tunafananaje. Anaomba leo, tukishakunywa mtori wetu wa ndizi, umpandishe mbele kwenye fuso, akae karibu nawe, na baiskeli yake uipakie nyuma. Sisi kumi na wawili tutatoka na kushika lami mpaka Majengo, Wilbert akiwa mbele, na ametuomba tumsahihishe akikosea. Wewe utatufuata polepole. Mzee anataka aione migongo yetu, aone ulichokiona wewe asubuhi ile.

Na tukifika kwenye ule mteremko, tunakuomba umwachie honi. Aipige yeye, kwa mkono wake. Tutasikia, na wote tutashuka pembeni, mpitishe mzee wetu.

Aika, Ndugu Shedrack. Asante sana. Mungu akuwekee breki nzima na macho mazima, akurudishe kwa watoto wako kila safari, na akuache na ule mdomo wako wa kuuliza.

Ni sisi,
Umoja wa Wazee wa Baiskeli wa Rau,
kumi na wawili wa lami na mmoja wa mfongo.