Mianya Saba ya Ukuta wa Likoni

Wasikilizaji wapendwa, wa kisiwani, wa Likoni, Kisauni na Changamwe, nawasalimu nyote. Leo namkumbuka marehemu Barakat Salem, fundi wa zege, tuliyemzika Jumatano huko Mtongwe. Barakat Salem, fundi wa zege. Wengi wenu mnamjua kwa jina jingine, Bwana Mianya. Jina hilo nalimpa mimi, kwenye kipaza sauti hiki hiki.

Mwaka wa 1958 Barakat aliujenga ukuta wa kuzuia udongo pale Likoni, kando ya barabara iteremkayo kwenye feri. Ukuta mrefu, futi mia mbili. Kila baada ya futi ishirini na tano aliacha mwanya mwembamba kutoka juu hadi chini, akautia lami laini. Mianya saba.

Mutua, fundi wa vyuma aliyefanya naye kazi, anakumbuka alivyomwuliza sababu. "Mzee alinijibu, 'Zege hunywea likikauka, na jua likiliwakia hutanuka. Kupasuka litapasuka. Mimi nalichagulia mahali.'"

Sisi watu wa pwani, ukuta kwetu ni lipu na chokaa. Usiolainishwa ni aibu ya mwenyewe. Basi nami, ulimi mwepesi, nikasema katika kipindi changu cha Jumamosi: mwanya hupendeza kwenye meno ya mwanamwali, fundi huyu kautia ukutani. Mombasa nzima ilicheka. Wiki ya pili wazee wa mtaa wakaenda kwa mkandarasi, wakitaka aibu ile iondolewe. Mkandarasi naye, kwa kuwapendeza, akatuma watu. Wakaikwangua lami, wakaijaza mianya yote saba kwa saruji ngumu, wakapaka chokaa. Barakat alisimama pale akiwasihi. Hakusikilizwa.

Likaja joto la kaskazi. Zege likatanuka, likakosa pa kwenda. Ukuta ukapasuka ovyo, na kipande kikaanguka barabarani. Hakuumia mtu, alhamdulillahi. Lakini lawama zote alibebeshwa Barakat. Alifukuzwa kazi, na hakupewa ukuta mwingine hadi anakufa. Watu walisema, kwani redio haikutwambia?

Mwaka wa 1960 alinijia studioni. Nikampa shikamoo. Hakuwa na hasira, na hilo lilinitia haya zaidi. Akanieleza yote, kisha akasema, "Sitaki unisifu, mwanangu. Sema tu kwamba mianya ile naliiacha kwa kujua."

Nikamjibu, "Inshallah, Jumamosi."

Wasikilizaji wapendwa, inshallah ile ilikuwa ya kumtoa mlangoni. Nalijua asema kweli. Nikaona nikikiri nitachekwa mimi. Jumamosi ikapita, na nyingine, na nyingine.

Juzi nilikwenda kutoa pole. Mkewe, Bi Mwanatabu, alinikaribisha kwa kahawa. Akaniambia, "Kila Jumamosi alikuwa akitaka nipunguze kelele za jikoni, aisikize redio. Kipindi kikisha huizima, asema, 'Leo hakupata nafasi.' Miaka mitatu, mwanangu. Hakukutukana hata siku moja."

Nimekosa. Nasema leo, na nitarudia, asiwepo wa kusema hakusikia. Barakat Salem aliiacha mianya ile kwa kujua. Aliiacha kwa kujua, na sisi tulioiziba ndio tulioupasua ukuta.

Bi Mwanatabu, na watoto, poleni sana. Mwenyezi Mungu amlaze mahali pema. Nanyi mnaonisikiza, mwezi huu twapokea uhuru wetu, na kila nyumba ina shangwe yake. Kabla ya ngoma, mfikirie yule uliyemchafulia jina. Kama yu hai, mwendee leo, kwa miguu yako. Usijiambie bado upo wakati. Mimi nalipewa Jumamosi zaidi ya mia moja na hamsini.