Bi Cheche na Injini Waliyoiziba

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Bi Cheche, alizaliwa tarehe 14 Aprili 1968 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya gereji ya mabasi, kitindamimba wa dereva na fundi cherehani. Alipoanza tu kuongea alisimama mlangoni, akanusa moshi, akasema, "Mama, lile basi linaunguza chakula chake." Mama alimvuta sikio akamwingiza ndani. Kumbe mtoto alikuwa amesema kweli tupu.

Alisoma shule ya msingi ya mtaani, kisha sekondari ya wasichana, na mwaka 1991 akahitimu uhandisi wa mitambo. Mhadhiri mmoja alimwuliza kama haogopi kuchafua mikono. "Sabuni ipo, mwalimu," akamjibu. Ulimi wake haukuwa na mfupa, na haukuwahi kumwomba mtu radhi.

Mwaka huohuo aliajiriwa na kampuni ya mabasi. Kwa miaka mingi alihangaika na jambo moja: injini kubwa ya basi iwake kwa gesi na plagi badala ya dizeli, itumie gesi kidogo, na moshi wake usiwachome watu vifua. Aliweka kibomba kinachorudisha sehemu ya moshi ndani ya injini ili kuupoza moto wake. Majaribio yalifaulu, wakubwa wakapiga picha, injini zikafungwa kwenye mabasi ya kampuni. Hapo ndipo balaa lilipoingia. Mafundi wa gereji walikuwa wamezoea dizeli, ambako kibomba cha namna hiyo huijaza injini masizi, nao hukiziba kwa kipande cha bati. Wakafanya vivyo hivyo. Lo! Moto ukazidi, injini zikaanza kugonga kama zinapigwa nyundo ndani, zikabugia gesi, vichujio vya moshi vikaungua. Bi Cheche alikwenda gereji hadi gereji, akiyang'oa mabati kwa mikono yake. "Jamani, hii si dizeli!" Fundi mkuu akacheka: "Mama, basi halipandi mlima kwa vitabu."

Mabasi yakafa moja baada ya jingine. Mabati yale aliyamwaga juu ya meza ya meneja, na meneja akayaona kwa macho yake. Lakini kukiri kungekuwa kusema kwamba gereji zake ndizo zilizoharibu. Mwaka 2016 akamwachisha kazi dada yetu kwa kutengeneza "injini mbovu". Msema kweli ni mpenzi wa Mungu, lakini si mpenzi wa meneja.

Tarehe 3 Juni 1995 alikuwa amefunga ndoa na mwalimu wa hisabati, wakajaliwa binti na mwana. Shemeji yetu alizoea kututania, "Mimi ni mume wa pili, wa kwanza ni injini." Baada ya kufukuzwa utani huo ulikoma nyumbani. Dukani watu walimnyooshea kidole: huyo ndiye aliyeua mabasi. Alirudi na mkate wake bila kujibu, yeye aliyekuwa na jibu la kila mtu. Jambo hilo lilituuma, na linatuuma hadi leo.

Mwaka 2021 moyo ulianza kumsumbua. Dirisha la wodi yake lilitazama barabara kuu. Siku ya mwisho alimshika binti yake mkono, akasikiliza basi lililokuwa likipita. "Injini inagonga," alisema. "Bado wanaziba, mwanangu." Alifariki dunia tarehe 9 Machi 2024, saa nne asubuhi.

Marehemu ameacha mume, watoto wawili, kaka mmoja, na mama mzazi ambaye hakutarajia kumzika mwanawe.

Jana kampuni ilituma mtu kuiomba familia iandike hapa kwamba marehemu alistaafu kwa hiari yake. Kaka yake, anayewasomea haya, amekataa. Hakustaafu. Alifukuzwa kwa kosa la wengine, na anayelijua hilo, aliyeyaona mabati kwa macho yake, ameketi safu ya pili, amevaa suti nyeusi.

Apumzike kwa amani, na waliomchosha wamwache sasa.