Virusi Vilikuwa vya Kompyuta

Akina mama, kaeni tu, sitawachelewesha, najua kuna ng'ombe wa kukamua. Mnanijua. Mimi ndiye yule mjane wa kupiga chapa pale sokoni Ndanai, mwenye kompyuta iliyofunikwa kitambaa.

Mwezi wa kwanza nilifungua barua za kompyuta, zile zinazopitia laini ya simu, nikapata moja imetoka kwa mpwa wangu aliye ng'ambo. Ndani kulikuwa na kadi ya mwaka mpya, eti bonyeza ufungue. Ndugu zangu, nawaambia, mimi nililelewa kuitikia salamu. Nikabonyeza. Kumbe mpwa hakutuma kitu, ni kompyuta yake iliyokuwa imeharibiwa. Yangu nayo ikatuma kadi ile ile kwa wateja wote niliowahi kuwaandikia kwa njia hiyo, halafu ikafuta kazi zangu.

Nikaita fundi kutoka Kericho. Akaangalia, akasema kwa sauti, mlango ukiwa wazi na watu wamejaa nje wakingoja kusaga mahindi kwa kinu cha jirani: "Mama, uko na virusi. Na umeambukiza wateja wako karibu wote."

Mnacheka sasa. Siku ile hakuna aliyecheka.

Wiki hiyo hakuna aliyeleta hata barua moja. Kanisani, benchi langu nililikalia peke yangu. Chai ilipotolewa hapa kwenye kikundi chetu, mimi nilipewa kikombe cha plastiki kilichowekwa kando. Nilidhani mmekasirikia kazi zenu zilizopotea. Niliumia sana, nikaanza kufunga vitu nirudi kwetu Sigowet.

Ndipo mmoja wenu akaja nyumbani na kibuyu cha mursik, yale maziwa yetu ya kugandisha. Akamimina kwa kikombe changu, tukanywa kwa zamu. Akaniambia, "Nimesikia uko na virusi. Hospitali tutaenda pamoja, usiende peke yako."

Hapo ndipo nilielewa. Nilicheka mpaka nikalia. Nikamwambia, "Mama, ni kompyuta."

Namshukuru fundi pia, ingawa mdomo wake nusura unimalize. Alisafisha mashine, akanifundisha: kitu kikitumwa, muulize aliyekituma kabla hujakifungua, hata akiwa wa damu yako. Disketi ya mtu ipimwe kwanza. Na kazi iwe na nakala mahali pengine. Waambieni watoto wenu wanaosomea kompyuta.

Nyinyi mlirudi mliposikia ni mashine. Nashukuru, sina kinyongo. Lakini yule mama, ambaye jina lake silitaji, namshukuru zaidi. Yeye alikunywa kwa kikombe changu kabla hajajua.