Kupe Anaaga Kizimba

Ijumaa ya tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka kumi na saba ya kupigana kwa jina la klabu yetu, mwenzetu tunayemwita Kupe atastaafu rasmi. Ana miaka arobaini na moja, hana hata mvi ya kusingizia, na bado anawashinda vijana wengi kuruka kamba. Lakini katika kazi hii mtu huanza kuzeeka shingoni, na shingo yake imeshasema inatosha.

Kwa wageni wetu wasioujua mchezo huu: ni mapigano mchanganyiko, yaani ngumi, mateke na mieleka ndani ya uzio wa wavu tunaouita kizimba. Wapiganaji wengi hutegemea ngumi. Kupe alikuwa wa aina nyingine. Yeye alimshika mtu, akamfunga kiungo au akampiga kabali, mpaka mwenyewe agonge kwa kiganja kuonyesha kwamba amesalimu amri. Waliopigana naye mara nyingi walirudi nyumbani na nyuso zao zilezile walizokuja nazo, jambo ambalo si dogo kwetu.

Mimi nimekuwa nikimshikia ndoo, taulo na barafu kwenye kona tangu alipoanza, ndiyo maana kazi ya kuandika wasifu huu imeniangukia. Nilipomwarifu, alitikisa kichwa. "Usinipambe sana," alisema. "Watu wengine walikuwepo."

Alikuja kwetu akiwa dobi. Kiwanda cha kufulia mashuka ya hospitali kilikuwa mtaa wa pili, na yeye ndiye aliyetuletea taulo safi. Jengo letu liko nyuma ya gereji; ukipita mlangoni unapokewa na harufu ya mafuta ya gari, na ukiingia ndani inapokelewa na ya jasho. Watu wa mizigo huwa hawakai. Yeye alishusha furushi lake, akasimama ukutani akitazama mazoezi, akasahau kwamba dereva anamsubiri. Mwalimu wetu mkuu aliiona mikono yake, mikono ya mtu anayekamua mashuka mazito kutwa, akamwambia avue viatu ajaribu.

Alipangwa na bondia wetu mkubwa, Tingatinga, ambaye jina lake halihitaji maelezo. Dobi hakujua ngumi wala teke. Alipokula ya kwanza ya tumbo, aliona usalama uko sehemu moja tu: akaukumbatia mguu wa Tingatinga, akafunga mikono, akafumba macho. Tingatinga alitikisa mguu, akazunguka, akamburuta ukumbi mzima kama mtu aliyenasa mguu kwenye debe, mwisho akakaa chini mwenyewe kwa uchovu. "Jamani, niondoleeni huyu kupe," alisema. Jina likaganda hapohapo.

Mama yake hakulipenda. Alikuja mpaka ukumbini, mkoba kwapani, akatuuliza sisi ni watu wa namna gani. "Nimempa mwanangu jina la babu yake, nyie mnamwita mdudu wa ng'ombe." Na lugha ya kazi yetu haikumsaidia kutuzoea. Jirani mmoja alipomwambia kwamba Jumamosi mwanawe anapanda kizimbani, alidhani kijana ameshtakiwa, akaanza kuulizia wakili. Akaelezwa kwamba hapana, mama, si mahakama, ni kazi, na kazi yenyewe ni kupiga watu kabali. Ilibidi aletewe maji. "Kumbe mwanangu amekuwa kibaka," alisema. Ilichukua miaka kumshawishi, na mpaka leo akiulizwa, husema mwanawe ni fundi wa viungo.

Kwa miaka ya mwanzo Kupe alifua mchana na kujifunza jioni. Hakuwa na haraka. Wengine walitaka kujua njia nyingi za kumfunga mtu. Yeye alichukua kabali ya nyuma, mkono chini ya kidevu, akairudia mpaka tukachoka kushikwa. Mahasimu wake wote waliijua, walijiandaa nayo, wakaingia wakiwa wamebana videvu vifuani, na bado wakagonga. Akishinda alikuwa na desturi ya kumkalisha mwenzake vizuri kwanza na kumsubiri apumue, ndipo anyanyue mkono. Mtangazaji mmoja alimwomba apunguze huo ustaarabu maana unakula muda wa matangazo.

Sasa niandike kuhusu pambano la mkanda wa ubingwa, kwa sababu kila mtu huliulizia na wengi hulisimulia vibaya.

Mpinzani alikuwa Radi, kijana mrefu mwenye mkono wa kulia uliokuwa umeshalaza wengi. Ukumbi ulifurika hadi watu wakakaa ngazini. Raundi mbili za kwanza zilikuwa za Radi, wala sina la kujitetea. Jicho la Kupe lilivimba nikawa nalibana kwa chuma baridi. Raundi ya tatu Radi alirusha teke la juu. Kupe akaudaka mguu, wakaanguka pamoja, na tulipotahamaki alikuwa mgongoni kwa mwenzake, miguu imezunguka kiuno, mkono umeshapita chini ya kidevu.

Mkono mmoja wa Radi ulikuwa umelaliwa na mwili wake mwenyewe. Wa pili ulikuwa unavuta kiwiko cha Kupe. Refa alikuwa upande wa miguuni, uso haoni. Sisi wa kona tuliuona ule mkono wa pili ukilegea, ukadondoka. Kupe alisikia mwili mzima ukilainika kama shuka linalotolewa majini. Ndivyo alivyotuambia baadaye. Akaachia. Akasimama, akamwonyesha refa kwa kidole. "Huyu amelala. Mwangalie."

Sheria iko wazi: unaachia refa akikugusa, si kabla. Refa alipopiga magoti kumtazama Radi, damu ilikuwa imeshampanda tena kichwani. Akafumbua macho, akajiinua kwa goti. Refa akamwuliza kama anaweza, akaitikia kwa kichwa kama mtu anayeitikia ndotoni. "Endeleeni." Kupe alikuwa amegeuka nusu akitutazama sisi, mikono chini, akidhani mambo yamekwisha. Ule mkono wa kulia ukamkuta palepale. Alipozinduka, mkanda ulikuwa kiunoni kwa mwenzake.

Chumba cha kubadilishia nguo kilikuwa na benchi moja na bomba linalovuja. Mwalimu wetu, aliyeusubiri mkanda ule tangu klabu haijawa na mlango, alisimama mbele yake.

"Refa hajakugusa, huachii. Nimekufundisha hivyo tangu lini?"

"Tangu mwanzo, mwalimu."

"Sasa?"

"Mtu alikuwa ameshaondoka. Ningeendelea kumshika nani?"

Mwalimu akatoka nje. Tulikata rufaa na tukashindwa, na kwa kweli sheria ilikuwa upande wao.

Majuma yaliyofuata hayakuwa mepesi. Kinyozi wa mtaani alimwita kupe kibogoyo mbele ya wateja. Mashabiki wetu wengine walihama. Watu walidhani yeye mwenyewe hakujali, maana alikuja mazoezini kama kawaida na kusalimia kama kawaida. Siku moja tukikunja taulo aliniambia, "Nilikuwa nautaka, ndugu yangu. Usidhani sikuutaka. Naamka nikiushika kiunoni, nakuta shuka." Nikaendelea kukunja.

Mkewe ndiye aliyemchekesha kwanza. Ni mwalimu wa chekechea, mtu aliyezoea kunyamazisha vilio. Alimsikiliza mumewe akilaumu refa, akijilaumu mwenyewe, akimlaumu hata aliyepanga taa za ukumbi, kisha akamwuliza, "Hebu niambie, tungeutundika wapi? Ukuta wenyewe ukigongewa msumari unadondoka na msumari."

Kisha Radi akaja. Aliingia ukumbini mchana, nyuma ya mama yake, amejikunyata kama anapelekwa kwa mwalimu wa nidhamu. Siku ya pambano mama mtu alikuwa amekaa viti vya upande ule ambao refa hakuwepo. Yeye aliuona uso wa mwanawe.

"Yupi ni Kupe?" aliuliza. Tukamwonyesha. Akamshika mkono kwa mikono yake miwili, asiuachie, mpaka Kupe akaanza kututazama sisi tumsaidie. "Nilipiga kelele, hakuna aliyenisikia," mama alisema hatimaye. "Wewe ulisikia nini?"

"Sikusikia kelele, mama. Nilisikia amekuwa mzito."

Radi hakukumbuka chochote. Alijiona kwenye video kama anavyomwona mtu mwingine. Alikuwa amebeba mkanda kwenye mfuko, akautoa. Kupe akaurudisha mfukoni. "Huo si sufuria, kaka, kwamba uliazima. Tupigane tena, nitauchukua mwenyewe."

Walipangiwa pambano tena, lakini halikufanyika. Jicho la Radi lilipata hitilafu mazoezini, daktari akamfungia kupigana maisha yake yote, na mkanda ukaenda kwa watu wengine. Kupe aliugombea tena mara moja baadaye, akashindwa kwa pointi, safari hiyo bila lawama kwa yeyote. Mkanda huo hajauvaa. Tunaandika hivyo wazi kwa sababu kuna tangazo moja mtaani linalodai vingine, na aliyelibandika ni shabiki tu mwenye mapenzi mengi.

Radi, baada ya kukaa nyumbani mpaka kuta zikamchosha, alikuja kuomba kazi kwetu. Sasa ndiye anayefundisha ngumi. Yeye na Kupe walifundisha darasa moja kwa miaka, mmoja akiwaonyesha vijana jinsi ya kumpiga mtu akiwa mbali, mwingine akiwaonyesha la kufanya akishafika karibu.

Kwenye darasa hilo somo la kwanza la Kupe halikuwa kukaba. Lilikuwa kugonga. Aliwalaza wageni chini, akawaambia wapige kiganja kwenye mkeka, kwa sauti, bila kushikwa na mtu. Wengi walicheka. "Gonga," aliwaambia. "Aibu ya kugonga inaisha ukishavaa viatu." Kuna mchinjaji mmoja, mtu wa miraba minne, aliyekataa. Alisema yeye hajazaliwa kusalimu amri. Kijana mwembamba akamshika kabali taratibu, mchinjaji akakaza uso, na kwa kuwa hakugonga, akazimika. Alipofumbua macho alikuta tumemzunguka. "Umeme umerudi?" aliuliza. Tangu siku hiyo hugonga hata akiguswa bega kusalimiwa.

Shingo ilianza kumsumbua miaka mitatu iliyopita. Alificha, kama wanavyoficha wote. Alikuwa akigeuka mwili mzima kumtazama mtu, na akiulizwa anasema kalalia mto vibaya. Daktari alimwonyesha picha ya mifupa yake, akamweleza kwamba pingili zimekaribiana mno na mkono wa kushoto unaweza kufa ganzi usirudi. Kupe akaomba pambano moja la mwisho. Daktari akakataa. Akaomba lingine, jepesi zaidi. Daktari, kwa shingo upande, akakubali la raundi mbili, kwa masharti kwamba akihisi ganzi ataacha.

Mkewe hajawahi kutazama pambano hata moja. Siku zote hukaa ukumbini kwa nje, kwenye korido, akisikiliza watu. Anasema ngumi ikimwangusha mtu ukumbi hulipuka, lakini mtu akikabwa watu hunyamaza kwanza, wakiulizana kinachotokea. Siku ya pambano hilo la mwisho alisikia kimya, akafurahi, akaingia mbio. Alimkuta mumewe amekaa chini, ameshika kiwiko, anatabasamu. Kijana wa klabu nyingine alikuwa amemfunga mkono vizuri sana, na Kupe, ambaye kwa miaka yote alikuwa hajawahi kugonga ndani ya kizimba, alikuwa amegonga.

"Imeuma?" mkewe aliuliza.

"Haikuwahi kufika huko. Nimegonga mapema."

Mkewe alikaa chini pembeni yake, mkekani, na viatu vyake, kitu ambacho kwetu ni mwiko. Hakuna aliyemkemea. Alilia kidogo, akasema ni vumbi.

Siku hizi asubuhi Kupe humpeleka binti yao shuleni, na kwa kuwa mama mtu hutoka mapema, kazi ya kumsuka nywele imemwangukia baba. Tumeambiwa kwamba mistari imenyooka ila mtoto huenda shule macho yamevutwa kama anayeshangaa. "Baba, legeza," humwambia. Anajifunza. Jioni ataendelea kutufundishia wageni, bila kushikwa na mtu yeyote. Hilo tumekubaliana na daktari, na mkewe ameahidi kutuvamia tukikiuka.

Nilipokuwa nikiandika haya nilimwomba kila mmoja wetu neno la kumuaga. Tingatinga alisema mguu wake bado unamkumbuka. Mwalimu mkuu, ambaye hasifu mtu, alifikiri siku nzima, kisha akaniambia, "Andika kwamba nilimfundisha vibaya sheria moja, na yeye hakuifuata." Radi alikuwa anapangusa mikeka. Alipangusa mpaka akamaliza kona yote, akakamua tambara, ndipo akanijibu.

"Mwanangu wa mwisho alizaliwa mwaka uliofuata baada ya lile pambano," alisema. "Andika hilo tu. Kupe ataelewa."

Ndugu yetu Kupe, tunakushukuru kwa miaka yote uliyotupa, kwa vijana uliowalea, na kwa kila mpinzani uliyemkalisha vizuri apumue. Mama yako, mkeo na binti yako wamewekewa viti vya mbele Ijumaa. Shingo yako na ipone, usingizi wako uwe mtamu, na siku zako za mapumziko ziwe nyingi na zenye heri.