Kifua cha Mzee Zablon na Miaka Ishirini na Mmoja ya Kuku wa Barafu

Kwanza mjue bahati yenu. Anayewaandikia ni Brayo, dereva mkali kuliko wote kati ya Bahari ya Shamu na mpaka wa Kuwait, mwenye ubongo ambao shule ilishindwa nao ikaurudisha nyumbani kidato cha pili. Bosi alipouliza nani ataandika wasifu wa leo, wenzangu waliangalia viatu vyao. Mimi niliitisha kalamu.

Mzee Zablon Amugune anastaafu tarehe thelathini Juni mwaka huu, baada ya kuitumikia kampuni yetu ya malori ya friji kwa miaka ishirini na mmoja. Alifika Jeddah akiwa na nywele. Tangu hapo kazi yake imekuwa moja: kuchukua kuku wa barafu bandarini, kuwafikisha Riyadh wakiwa wagumu kama mawe, na kurudi kambini kwetu Al-Mahjar kutulalamikia. Katika miaka hiyo yote hajagonga hata ngamia. Sababu ni rahisi: kwa mwendo wake, ngamia ndiye humpita.

Sala yake kabla ya kuwasha injini ni ndefu mno. Gilbert, mlinzi wetu wa geti, hufungua, husubiri, huchoka, akafunga tena. Ovaroli yake mzee huipiga pasi, kana kwamba kuku watamkagua. Hata hivyo, friji ilipomfia karibu na Taif mwaka ule wa joto kali, alinunua barafu ya wauza samaki, akaipakia kwa mikono yake, na mzigo ukafika salama. Amefundisha madereva kumi na mmoja, nami nikiwemo. Kumi walihitaji kufundishwa.

Sasa tuingie kwenye jambo mnalolingoja. Mzee ameniruhusu niliandike, maana kambi ilishalitangaza bila ruhusa.

Mwaka jana kifua chake kilianza kukua. Mwili ulibaki vile vile, lakini matiti yalivimba pande zote mbili, na mkanda wa gari ukiyagusa anakunja uso. Kambini kwetu Agosti ikifika watu huoga nje kwenye mfereji, vifua wazi. Mzee akaanza kuoga na shati. Nani asingeona?

Jeremy wa jikoni alimngoja kwenye foleni ya ugali. "Mzee, mtoto ananyonya saa ngapi, nisichelewe na uji?" Foleni ikavunjika kwa kicheko. Zablon akamjibu, "Njoo basi wewe, naona hukushiba utotoni." Jibu zuri, lakini tangu siku ile alikula peke yake ndani ya lori.

Wataalamu wakajitokeza. Jeremy, ambaye hata wali humshinda, alitangaza kwamba kuku hudungwa sindano na sumu yao imempata mzee kupitia pua. Gilbert akasema ni laana: kuku wengi hivyo hawawezi kubebwa bila kulipiza. Duncan, anayenyanyua vyuma na kujidunga vitu visivyo na jina, akamshauri anyanyue vyuma. Hizo ndizo akili zinazoendesha malori ya tani arobaini.

Mzee hakuwa na nafasi ya kucheka. Kila mwaka sisi wa malori mazito tunapimwa afya. Daktari akikataa, leseni imekwenda, na ikama, kibali chetu cha kuishi huku, haikai sana nyuma ya leseni. Alikuwa anaomba miaka mitatu tu, bintiye Ivy amalize chuo cha uuguzi. Akiogopa kuvua shati mbele yetu, angelivuaje mbele ya daktari?

Ni mimi niliyefumbua fumbo. Niliomba kuona mfuko wake wa dawa. Kumbe kliniki ilikuwa imempa tembe za moyo, za kutoa maji yaliyokuwa yakimjaa miguuni, miezi minane nyuma. Nikaandika jina la tembe hizo kwenye simu. Dakika nne tu! Tembe hizo hizo huweza kukuza matiti ya mwanaume. Nilizunguka kambi nzima nikijipigia makofi, na sikuona aibu hata kidogo.

Wiki tatu baadaye, kilomita themanini kabla ya Riyadh, mzee aliishiwa pumzi. Miguu ilikuwa imefura, viatu haviingii. Akaegesha lori vizuri, akaacha friji ikinguruma, ndipo akaita ambulensi. Kuku wakafika. Yeye akalazwa.

Nesi wa wodi ile alikuwa dada yetu Metrine, wa Bungoma. Alipiga simu kambini, akaamuru tuweke spika. "Ni nyinyi mnaomcheka baba wa watu? Sikilizeni, wajinga." Tukasikiliza. Alisema kila mwanaume ana homoni ya kike kidogo mwilini. Mizani ikiinama, nyama ya titi hukua. Huinamishwa na dawa fulani za moyo au vidonda vya tumbo, ini lililoharibiwa na pombe, uzee, ubalehe, na sindano za kutafuta misuli. Duncan akaangalia dari. "Kuku je?" akauliza Jeremy. "Kuku mwache kwenye sufuria."

Akaendelea kwamba dawa ikileta matiti, mgonjwa humrudia daktari aliyeiandika, naye humtafutia nyingine. Mgonjwa haamui mwenyewe. Ikiwahiwa, uvimbe hupungua. Ukikaa mwaka na zaidi huwa mgumu, na huenda ukahitaji kisu. Na mwanaume akigusa gololi ngumu upande mmoja, au chuchu ikatoa damu, aende hospitali siku hiyo hiyo, kwa maana saratani ya titi haiulizi kama wewe ni mwanaume.

Daktari alimbadilishia tembe. Baada ya miezi sita kifua kilikuwa kimeshuka na maumivu yameisha. Kimebaki kidogo, na mzee amesema kikae, hana mashindano ya urembo. Moyo ndio uliokataa kurudi ulivyokuwa. Leseni ya lori zito alinyimwa. Ndiyo maana tunamuaga leo, miaka mitatu kabla ya siku aliyoipanga.

Mzee Zablon, asante kwa barafu ya Taif, kwa sala ndefu, kwa kutuvumilia. Ukafike kwako Vihiga salama, Ivy akuuguze kwa mikono iliyosomea, na maisha yaliyobaki yawe mema na marefu.

Limebaki moja. Ripoti ya kampuni inasema maji yalimjaa tena mzee kwa sababu alisahau tembe zake Jeddah. Ndivyo alivyomwambia bosi, ndivyo alivyomwambia Metrine, na nyote mnaamini hivyo. Hakusahau. Ile siku ya dakika nne nilimwambia, "Halas, imetosha, mzee, tupa takataka hizi, urudi kuwa mwanaume." Akaniuliza kama si vizuri tumuulize daktari kwanza. Nikamcheka mbele ya watu. Akaenda na tembe zote mpaka kwenye pipa la jikoni, na mimi ndiye niliyemshikia kifuniko.