Bwana Nehemiah Angwenyi na Meza Yake ya Majani ya Chai

Tarehe 30 Juni 1979, Bwana Nehemiah Angwenyi atastaafu rasmi, baada ya kukitumikia kituo chetu cha kununulia chai hapa Gesima kwa miaka kumi na tisa bila kuchelewa hata siku moja.

Ifahamike kwamba Bwana Angwenyi hajaona mwanga tangu surua ilipomshika utotoni. Kazi yake ilikuwa kukagua majani mezani: majani mawili na chipukizi yapite, magumu yarudi kwa mwenyewe. Sisi wenye macho tulitazama juu ya kikapu. Yeye alitia mkono hadi chini, mahali ambapo wakulima wajanja huficha mambo yao. Mama Bitutu, mkulima wa jirani, alimlaumu hadharani kwamba vidole vyake ni askari kanzu. Hakulikana shtaka hilo.

Mwaka 1967 tulipata msimamizi mpya, mtu wa huruma nyingi. Alimwondoa mezani, akamwekea kiti penye jua, na kuamuru alipwe kama kawaida huku akipumzika. Kila aliyepita alimwambia pole. Nasi tulidhani huo ni wema. Haikupita miezi miwili, Bwana Angwenyi akaacha kunyoa ndevu, akaacha kwaya ya Sabato, akausukuma kando hata ugali wa wimbi. Mkewe, Bi. Jemimah, alimweleza mwandishi huyu kwa hofu kwamba mumewe husema haoni tena sababu ya kuamka.

Mwandishi alimtungia msimamizi barua ya maombi yenye kurasa nne, ili mwenzetu arudishwe mezani. Haikujibiwa. Ndipo Bwana Angwenyi mwenyewe aliposimama mkutanoni, akasema maneno machache kuliko salamu za barua ile:

"Bwana Msimamizi, upofu nimeuzoea. Hii pole yenu ndiyo imenishinda. Nirudishieni meza yangu."

Msimamizi aliinuka ili amshike mkono na kumwongoza. Alikuta mwenzake ameshafika mezani. Kikapu cha kwanza kukataliwa kilikuwa cha Mama Bitutu, naye alilalamika kwa furaha ambayo haijapata kuonekana tena kituoni. Tangu siku hiyo, hapa kwetu hata anayejikwaa haambiwi pole.

Kamati ya sherehe ya kumuaga, kwa nia njema, ilikuwa imemnunulia zawadi ya kiti. Mwandishi aliomba, safari hii kwa mstari mmoja tu, kirudishwe dukani, akakubaliwa. Bwana Angwenyi atakabidhiwa meza ile ile, na kila Jumanne wakaguzi wapya watamfuata nyumbani ili avifundishe vidole vyao kuona.

Bwana Angwenyi, tunakushukuru kwa heshima kubwa. Tunakutakia maisha mema, yenye kazi, na yasiyo na pole.

Obadiah Momanyi, Karani